UZI: Fainali mbili za Simba nimeziona kwa macho yangu, zile mechi tamu karibu zote nilisimuliwa

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Watani wa Jangwani, yaani Yanga, karibuni, ila msianze kutupia picha za tano moja kabla sijamaliza. Nitaifikia mwenyewe.

Kilichonileta ni hiki. Juzi nimepanda daladala la Gongo la Mboto, nyuma yangu vijana wawili wanabishana. Mmoja anamwambia mwenzake, kwa uhakika kabisa, kwamba Simba kimataifa imeanza kujulikana 2018 alipokuja Clatous Chama, yule kiungo Mzambia, kabla ya hapo ilikuwa timu ya mtaani tu. Nikageuka nimjibu, konda akaita kituo changu, nikashuka na jibu langu mdomoni. Tangu siku hiyo linanisumbua kama nyama iliyonasa kwenye jino. Leo nalitoa.

Mimi ni wa 1983, mtoto wa Ilala. Katika uhai wangu Simba imecheza fainali mbili za Afrika, ya 1993 na ya 2025. Zote mbili nilikuwepo uwanjani, na zote mbili wageni walibeba kombe mbele ya macho yangu. Mke wangu ameshapiga hesabu zake, anasema fainali ya tatu atanifungia ndani na ufunguo utakaa kwake. Na zile mechi nyingi ambazo Mnyama, yaani Simba, alifanya maajabu, ama nilikuwa sijazaliwa, ama nilikuwa mbali nimebandika sikio redioni.

Tuanze na 1993.

Mzee wangu alikuwa fundi viatu, kibanda chake kwenye kona ya mtaa wetu. Siku ya fainali hakukifungua kabisa. Mzee yule kuacha kufungua kibanda ilikuwa ama kuna msiba ama kuna Simba. Timu ilikuwa imetoka Abidjan na sare ya bila kufungana na Stella Club Adjamé, Kombe la CAF hilo, kwa hiyo Dar yote ya upande wetu ilishalibeba. Tulikuwa tumewatoa Waalgeria wa USM El Harrach na Waangola wa Atlético Sport Aviação, sasa Stella ni nani? Kumbe kwenye mpira suluhu ya ugenini ni mtego, maana jumla ikilingana bao la ugenini ndilo linaamua, mwenzako akipata hata sare ya bao moja kwako, umekwisha.

Kikosi cha mwaka ule mtoto wa Ilala ulikuwa unakijua kuliko jedwali la kuzidisha. Golini Mohamed Mwameja, Tanzania One mwenyewe, kipa namba moja wa taifa. George Masatu nyuma. Twaha Hamidu tuliyemwita Noriega. Hussein Masha, Malota Soma, Edward Chumila, Dua Said. Kocha Abdallah Kibadeni. Hilo jina la mwisho liwekeni kando, linarudi.

Tulikaa mzunguko, Uwanja wa Taifa wa zamani, huu unaoitwa Uhuru sasa. Mzee alininyanyua nimwone Rais Mwinyi jukwaa kuu. Niliona kofia nyingi, sikujua yake ipi.

Halafu Boli Zozo akafunga. Halafu akafunga tena. Yote mawili niliyaona vizuri kabisa, hakuna mtu aliyenikinga. Lakini kilichobaki kichwani si mabao, ni ukimya. Uwanja ulivyojaa vile, nikawa nawasikia wachezaji wa Stella wakiitana kwa Kifaransa, na pembeni yangu muuza karanga anahesabu chenji.

Tulirudi kwa miguu. Chang'ombe, tukaikata Keko, tukavuka Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere. Mzee alikuwa na kofia nyekundu, aliikunja akaisokomeza mfuko wa suruali. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akaniangalia, akasema: "Usimwambie mama yako kwamba tulikunywa soda mbili mbili." Basi. Hiyo ndiyo hotuba ya fainali.

*

Naendelea. Naona kuna aliyeandika hapo chini kwamba mzee alikuwa bahili. Mkuu, mwaka 1993 kwa fundi viatu, soda mbili kwa kila mtu ilikuwa sherehe ya harusi.

Na soda zenyewe zilikuwa na kazi. Mzee alikuwa na kopo la maziwa limejaa vizibo. Mteja akisubiri kiatu, mzee anamwaga vizibo kwenye stuli na kuanza kupanga mechi. Simba walikuwa Coca, kwa sababu ya wekundu. Yanga walikuwa Fanta, maana kijani hakukipata. Mpira ni gololi. Nilijifunza Simba na Yanga ya tarehe 19 Julai 1977 kwenye stuli ile, miaka sita kabla sijazaliwa. Sita bila. Kibadeni mabao matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe.

Bao la Sanga ndilo alilolipenda kulichezesha kuliko yote. Alikuwa anachukua kizibo cha Fanta taratibu, anakigeuza kiangalie golini kwake, anakigusisha gololi kwa kidole, halafu anaangalia uso wa mteja. Kama mteja ni Yanga, kiatu kilichelewa.

Na Kibadeni, yule Kibadeni aliyekaa benchi 1993, ndiye mpaka leo aliyepiga matatu peke yake kwenye mechi ya watani. Wamepita Okwi, wamepita Ngassa, wamepita akina Aziz Ki, hakuna aliyefika. Mtu mfupi, jina la utani King. Ukitaka kujua Simba imetoka wapi, mfuate huyo mzee kuanzia miaka ya sabini mpaka 2013, utapita kila mlango.

Ya 1974 mzee alikuwa anaipita haraka. Simba iliwatoa Hearts of Oak wa Ghana, ikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikakutana na Mahalla ya Misri. Tukashinda moja hapa, wakashinda moja kwao, penalti zikatutoa. Hapo alikuwa anarudisha vizibo kwenye kopo. "Penalti hazina vizibo," anasema. Nilikuwa sielewi anamaanisha nini. Nadhani alikuwa hataki kuzicheza tu.

Sasa 1979. Kijana wa daladala, kama unapitia humu, hii ni yako.

Mufulira Wanderers ya Zambia ilikuja Dar ikatupiga nne bila. Nyumbani! Mzee alikuwepo, anasema aliondoka bao la tatu, la nne alilisikia akiwa nje ya geti, na akalijua kwa sababu hakuna aliyeshangilia. Marudiano kwao Zambia. Nani angesikiliza redio? Mzee alikataa. Alikaa kibandani akashona viatu, redio kaifunika na gunia. Kisha akasikia kelele nyumba ya tatu. Akadhani wamepigana. Kelele nyingine. Akafunua gunia.

Tano bila. Kwao. Thuwein Ally matatu, George Kulagwa, aliyeitwa Best, mawili. Tano kwa nne, Simba inasonga mbele, Mufulira wako kwao wanatazamana. Mimi sijapata kusikia klabu nyingine iliyopigwa nne kwake ikaenda kurudisha tano ugenini. Kama ipo, leteni, tujadili. Raundi iliyofuata Racca Rovers ya Nigeria ikatutoa, lakini nani anakumbuka hiyo?

Kinachonichekesha ni kwamba mzee wangu, shahidi mkuu wa Mufulira, ile mechi hakuiona, na nusu yake hakuisikia. Mabao ya kwanza alisimuliwa na jirani. Lakini kwenye stuli aliyapanga yote matano, tena anakuonyesha beki alikosimama.

*

Wanaouliza kuhusu Zamalek 2003, nilikuwa naijia.

Nilikuwa na miaka ishirini, niko Morogoro dukani kwa mjomba wangu, upande wa mama. Mjomba ni Yanga. Redio ni yake, duka ni lake, na betri zilikuwa zimechoka. Alizianika juani tangu mchana, moja kaing'ata pembeni ili ipate nguvu, mnaojua mnajua. Masharti yake: Zamalek wakipata la pili, redio inazimwa, betri ni za taarifa ya habari.

Mkumbuke Zamalek ndiye alikuwa bingwa mtetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imewatoa Santos wa Cape Town kwa penalti, ikamfunga Zamalek moja bila Dar, bao la Emmanuel Gabriel. Kocha James Siang'a, Mkenya, kipa wa zamani wa Gor Mahia na Harambee Stars. Kaseja golini, Boniface Pawasa, Victor Costa tuliyemwita Nyumba, nahodha Selemani Matola, Steven Mapunda Garrincha, Machuppa. (Angalieni majina ya utani ya zamani jamani. Noriega, Garrincha, Best, Masimenti, Nyumba. Mtu alikuwa anapewa jina na jukwaa, akishapewa halitoki hata akistaafu. Siku hizi mchezaji anashuka uwanja wa ndege tayari na jina lake la utani kwenye bango.)

Cairo wakapata lao moja. Matokeo sawa. Penalti. Misri tena, penalti tena, kama 1974. Nikamkumbuka mzee na vizibo vyake.

Redio ilikuwa inafifia. Mjomba kaichukua kaishikilia juu karibu na dirisha, mkono umenyooka, anauliza "Nani anapiga? Nani anapiga?" kama mtu wa Simba. Kaseja akadaka. Sauti ikapotea. Ikarudi. Tulisikia jina la Christopher Alex, halafu mlio kama wa mafuta yanayokaanga, halafu mtangazaji hana sauti tena, anapiga yowe tu. Tatu kwa mbili. Mjomba aliiweka redio mezani taratibu, akaniambia, "Haya, nenda kafunge duka." Saa hiyo wateja wamejaa.

Christopher Alex alikuwa kiungo mkabaji. Kazi yake ilikuwa kuvunja, kufunika, kumpa mwenzake pasi ya mita tano na kurudi nyuma. Mtu wa namna hiyo hatengenezewi jezi na shabiki. Alifariki 2015, na siku alipofariki kila aliyemtaja alitaja penalti ile moja. Sikatai, ilitupeleka hatua ya makundi. Lakini mimi nilimwona mara kadhaa baadaye Taifa, na nawaambia alikuwa anafuta makosa ya watu wanne kila mechi. Sijui kwa nini tunawakumbuka watu kama yeye kwa dakika moja tu.

*

Haya, watani mmefika na picha zenu.

Ndiyo, 1968 mlitupiga tano bila, tukiitwa bado Sunderland. Ndiyo, tarehe 5 Novemba 2023 mlitupiga tano moja. Nililala saa mbili usiku siku hiyo, simu nimezima. Sina la kujitetea. Kwenye fainali ya shirikisho 2023 mlikwenda Algiers mkamfunga USM Alger kwake na bado kombe likabaki huko kwa sababu ya mabao ya hapa Dar, kwa hiyo mnajua na ninyi chumvi ya fainali ina ladha gani. Tusichekane sana.

Lakini 6 Mei 2012 nilikuwepo. Hii niliiona. Tano bila. Emmanuel Okwi mawili, Felix Sunzu, Patrick Mafisango, na kipa wetu Juma Kaseja. Kipa! Aliondoka golini kwake anatembea, uwanja mzima umesimama, akaweka penalti kimiani, akarudi anakimbia kama mtoto aliyeiba embe. Nilishika bega la mtu nisiyemjua mpaka akaniambia, kaka, unaniumiza.

Siku kumi na moja baadaye Mafisango akafa kwa ajali ya gari hapa hapa Dar. Kiungo wa Rwanda, mzaliwa wa Kongo, alitoka Azam akaja kwetu akapendwa ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo mimi nikiiona video ya zile tano siwezi kucheka mpaka mwisho. Ikifika penalti yake naisogeza mbele.

Okwi tulimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia, kisha tukamwona amevaa ya kijani na njano, kisha akarudi. Wapo wasiomsamehe mpaka leo. Mimi nilimsamehe siku ileile aliporudi, sina moyo wa kuweka vinyongo vya mpira.

Na ile tatu kwa tatu ya Oktoba 2013? Mapumziko tuko chini tatu bila, wengine wameshaanza kutoka. Mombeki, Owino, Kaze Gilbert, tatu zote zikarudi. Nani alikuwa kocha wa Simba siku hiyo? Kibadeni. Niliwaambia anarudi.

Enzi ya Chama wenyewe mnaijua, sitachoka vidole. Kisigino chake kwa Nkana. Bao lake la mwisho kwa AS Vita. Bao la Kagere kwa Al Ahly, bao la Miquissone kwa Al Ahly. Kaizer Chiefs walitupiga nne kwao tukawapiga tatu hapa, tukabaki robo fainali mpaka watani wakatupa jina la Mwakarobo. Nakubali ilikuwa timu tamu kuliko zote nilizoziona kwa macho. Ninachokataa ni kwamba ilianza yenyewe. Na mwaka 2021 Chama akaondoka kwenda RS Berkane ya Morocco. Tukaiona ni klabu ya mbali, haituhusu.

*

Sehemu ya mwisho, halafu nakwenda kulala.

Mei 2025. Fainali ya Kombe la Shirikisho, na mpinzani ni nani? Berkane. Kwao tulipigwa mbili ndani ya robo saa ya kwanza. Marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu ya nyasi za Uwanja wa Mkapa wa Dar. Tiketi nilizipata kwa shida, mbili, nikamchukua binti yangu wa miaka kumi na moja. Mzee ana miaka sabini na tano sasa, miguu imegoma, alibaki Ilala na redio. Wakati tunatoka alitaka kuniambia kitu, akaghairi. Baadaye ndiyo nikajua ni kuhusu mimi na fainali.

Boti ilikuwa nyekundu tupu. Watu wanaimba tangu bandarini Dar, Ubaya Ubwela, kaulimbiu yetu, mpaka tulipofika katikati ya mkondo mawimbi yakanyamazisha wengi. Binti hakutapika. Mimi nilitapika.

Amaan si Mkapa. Kule kwa Mkapa unakaa mbali, mpira unauona kama uko kwenye ramani. Amaan unamsikia mchezaji akivuta pumzi. Dakika ya 17 Joshua Mutale akafunga, na hapa lazima nikiri jambo. Sikuliona. Jamaa wa mbele yangu, mtu mzima na bendera, alisimama sekunde ileile. Nilichoona ni mgongo wake, kisha uwanja mzima umeruka. Nikaruka na mimi. Binti alikuwa amepanda juu ya kiti.

Bado moja tu tusawazishe jumla. Mapema kipindi cha pili Kagoma akala nyekundu. Tukiwa kumi Mukwala akaweka mpira wavuni, nikawa nimeshamkumbatia muuza maji, VAR, waamuzi wa video, ikaukataa. Dakika za nyongeza tumepanda wote, Sidibé wa Berkane akatumaliza. Moja moja. Tatu moja kwa jumla.

Ule ukimya ulikuwa uleule. Miaka thelathini na miwili, nikautambua kama unavyotambua harufu ya nyumba. Nikasubiri nisikie muuza karanga. Niliwasikia Wamorocco.

Miezi miwili mbele beki wetu Tshabalala naye, miaka kumi na moja na jezi yetu, akahamia Jangwani. Hilo uzi wake siku nyingine.

Usiku ule wa fainali tuko Malindi ya Zanzibar tunasubiri boti ya asubuhi, tumekaa kwenye ngazi, nikampigia mzee. Nilijiandaa anipe pole. Hakunipa. Akauliza, "Huyo Mutale aliufuata mpira akitokea upande gani?"

Nikanyamaza. Nikasema, mzee, mtu alinikinga.

Kimya upande wa pili. Binti akaninyang'anya simu. "Babu, mimi nimeona. Nilikuwa juu ya kiti. Beki wao alikuwa hapa..." na anaonyesha kwa mkono gizani, kana kwamba babu anamwona.

"Subiri," nikamsikia mzee anasema. "Subiri kwanza mjukuu wangu, nimwage vizibo."